Mchanga wa kijivu wa Kilembe: je, familia inaweza kuishi chini ya mgodi uliofungwa?

Swali: Mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Kilembe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, anaandika: "Tumepanga nyumba iliyokuwa ya wafanyakazi wa mgodi. Tupo mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka mitatu na saba, na baba mkwe aliyechimba shaba chini ya ardhi miaka ya 1970 na ambaye sasa anakohoa mfululizo. Ng'ambo ya barabara kuna kilima cha mchanga wa kijivu kisichoota majani. Nimeanzisha bustani ya mboga chini yake, na bomba likikauka tunachota maji ya mto Nyamwamba. Majirani wananiambia wamezaliwa hapa na hawajafa. Dada yangu aliyeko Kampala ananiambia nihame kesho. Nimsikilize nani? Mume wangu naye anataka tununue kiwanja kando ya mto, kwa kuwa inasemekana mgodi utafunguliwa tena."

Jibu: Mwalimu, nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Si lazima uhame kesho. Lakini maji ya mto msiyanywe tena kuanzia leo, bustani ihamishwe, na kiwanja cha kando ya mto msikinunue hata mkiuziwa kwa nusu ya bei. Hatari ya Kilembe haiko katika kila pumzi mnayovuta wala katika kila jiwe mnalokanyaga. Ina mahali pake na ina njia zake za kusafiri, na mzazi anayezijua njia hizo anaweza kulea watoto pale bila kuishi kwa hofu.

Tuanze na kilima hicho, maana mengine yote yanatoka humo. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na uchimbaji ukasimama mwaka 1982. Katika kipindi hicho zaidi ya tani milioni 16 za mawe yenye madini zilitolewa ndani ya mlima, na katika kila tani 100 za mawe hayo shaba haikufika hata tani mbili. Mawe yalisagwa hapohapo bondeni mpaka yakawa laini kama unga, yakatiwa maji na dawa za kuifanya shaba ielee juu pamoja na povu, kisha kilichoelea kikakaushwa na kupelekwa kwa treni hadi Jinja, ambako kulikuwa na tanuru la kuyeyushia na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo moshi wa salfa, ambao ndio adha kubwa ya miji yenye matanuru ya shaba, haukuwa wa Kilembe. Kilembe iliachiwa kile ambacho povu halikukichukua, yaani karibu mlima mzima uliosagwa, ukamwagwa kando ya mto kwa sababu bonde ni jembamba na hapakuwa na mahali pengine pa kuumwaga.

Ukichota konzi ya mchanga ule na kuuangalia juani kwa makini, utaona chembe ndogo zinazong'aa kama dhahabu. Hiyo ni piriti, yaani chuma kilichoungana na salfa, na ndani yake mna kobalti na nikeli pamoja na masalia ya shaba. Piriti iliyofungiwa ndani ya mwamba haina madhara. Ikisagwa na kuachwa wazi kwenye hewa na mvua, inageuka polepole kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ndiyo inayozifungua zile metali na kuziingiza kwenye maji. Wapo bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo tu. Kiwanda cha kobalti kilichoanza kazi Kasese mwaka 1999 kiliwatumia bakteria wa namna hiyo, ndani ya matangi makubwa, ili kutoa kobalti katika lundo la piriti ambalo mgodi ulikuwa umeliacha karibu na mji. Kabla ya lundo hilo kuguswa, mvua zilikuwa zimelisomba kwa miaka mingi kuelekea Ziwa George, na maji yake yakaacha ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth ukanda mrefu wa ardhi tupu ambao nyasi ziligoma kuota. Nakueleza haya kwa sababu kazi iliyofanywa kiwandani kwa faida inafanyika pia kwenye kilima cha mbele ya nyumba yako, usiku na mchana, bila msimamizi. Ndiyo maana hakioti majani.

Sasa maji. Tembea siku moja ya kiangazi hadi kwenye nyayo za kilima, mahali unyevu unapochuruzika kuingia mtaroni. Utaona ukoko wa rangi ya chungwa chini, na juu yake vumbi jeupe au la manjano, pengine lenye kijani cha samawati pembeni. Lile chungwa ni kutu ya chuma. Zile rangi nyingine ni chumvi za metali, ambazo maji yalizipandisha juu kisha jua likazikausha. Watoto huvutiwa nazo, na wa miaka mitatu atataka kuonja, kwa hiyo mtaro huo wafundishwe kuuogopa kama wanavyofundishwa kuuogopa moto. Chumvi hizo hujikusanya kiangazi chote, na mvua ya kwanza ya Machi au ya Septemba inapoanguka, huyeyuka zote kwa pamoja na kuingia mtoni ndani ya saa chache. Watu wengi hufikiri mto ukijaa maji mapya umejisafisha. Katika bonde lenu, maji ya mvua ya kwanza huenda yakawa ndiyo mabaya kuliko yote ya mwaka, hata kama siku mbili baadaye mto utaonekana safi na wa baridi kama barafu ya Rwenzori ulikotoka.

Kuchemsha hakusaidii hapa, na jambo hili nalisisitiza kwa sababu kina mama wengi waangalifu hujiona wamemaliza kazi maji yanapotokota. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na mwendelee kuchemsha kwa sababu hiyo, lakini shaba na nikeli hazifi. Maji yakipungua kwa mvuke, metali zinabaki sufuriani zikiwa nzito zaidi kuliko awali. Vidonge vya klorini navyo havizigusi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji ya kunywa, na miligramu 0.07 za nikeli. Maji yenye shaba kupita kiasi huwa na ladha ya sarafu mdomoni, huacha doa la kijani kwenye beseni jeupe, na humletea mtoto kichefuchefu na maumivu ya tumbo muda mfupi baada ya kunywa. Lakini msingojee ladha. Nikeli, kobalti na risasi haziwezi kuonjwa.

Kuna kipimo cha zamani ambacho mtu anaweza kukufundisha: tumbukiza msumari uliosuguliwa vizuri kwenye maji yanayovuja, na kama yana shaba nyingi utatoka ukiwa umevaa koti jekundu. Ni kweli, kwa kuwa chuma hubadilishana nafasi na shaba iliyomo majini. Mtumie msumari huo kumshawishi jirani asiyeamini, lakini msiutumie kuamua kwamba maji ni salama, maana kiasi kidogo kinachomdhuru mtoto kwa miaka mingi hakitaonekana kwenye msumari.

Mnywe nini basi? Ulizeni maji ya bomba lenu yanatoka wapi. Kama chanzo chake ni kijito kinachoteremka mlimani juu ya mashimo ya mgodi na juu ya vilima vya mchanga, hayo ni maji mema yanayohitaji kuchemshwa tu. Kinachojalisha ni juu au chini ya mgodi, si umbali kutoka nyumbani, na mtoto anayetembea dakika ishirini kupanda na jerikeni analeta kitu bora kuliko kilicho mtaroni dakika mbili. Bomba linapokauka, maji ya mvua ndiyo tegemeo lenu la kwanza. Wekeni mfereji kwenye paa na tangi lenye mfuniko, na maji ya dakika kumi za mwanzo za kila mvua myaache yamwagike, kwa sababu yameosha vumbi la kilima lililotua kwenye mabati. Kama paa lenu si la mabati bali ni la zile karatasi nene za kijivu za asbesto, ambazo ziliezeka nyumba nyingi za wakati ule, msilitoboe wala kulisugua, na maji yake yawe ya kufulia. Maji ya mto yanaweza kusafishia sakafu na kumwagilia maua.

Kuhusu hewa sina mengi. Siku za upepo mkavu vumbi la kilima huinuka, na inatosha kufunga madirisha ya upande ule, kupangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia pakavu, na kuwazuia watoto kuteleza kwenye kilima kama wanavyopenda kufanya.

Bustani ni jambo zito zaidi, na najua imekugharimu jasho. Udongo wa chini ya kilima umekuwa ukipokea mchanga ule kila mvua inaponyesha, na kila mto unapofurika hutandika tabaka jingine. Watafiti waliopima udongo wa Kilembe wamekuta shaba, kobalti, nikeli na zinki kwa viwango vinavyozidi vile vinavyokubalika kwa ardhi ya kilimo. Mimea haifanani katika kuzipokea. Mboga za majani, hasa mchicha tunaouita dodo, hunyonya zaidi, na majani yake mapana hubeba vumbi juu. Mahindi na ndizi huhifadhi sehemu kubwa ya metali kwenye mizizi na shina, hivyo chakula chenyewe hakipati nyingi. Muhogo na viazi vikimenywa vizuri huacha udongo mwingi kwenye maganda, na maganda hayo yasiende kwa mbuzi. Ushauri wangu ni kwamba mboga za majani zihamie mahali palipoinuka ambapo mafuriko hayajawahi kufika, au zipandwe kwenye magunia yaliyojazwa udongo wa juu mlimani na samadi, ukutani mwa nyumba. Magunia kadhaa yanaweza kuisaidia familia ya watano kupata mboga. Eneo la bondeni unaweza kuliachia migomba. Majivu ya jikoni yatawanywe humo, kwa sababu hupunguza ukali wa asidi, na metali katika udongo usio na asidi hazinyonywi kwa urahisi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, lakini wewe ni mwanamke na utanielewa. Wajawazito wengi nchini mwetu hula udongo, na wengine huuchimba wenyewe badala ya kuununua sokoni. Katika bonde lile udongo usiliwe kabisa, na usichimbwe kwa ajili ya kumpelekea ndugu. Mtoto wako wa miaka mitatu naye anakula udongo kila siku bila kujua, kupitia vidole. Kunawa mikono kabla ya kula na kuacha viatu mlangoni kutamkinga kuliko dawa yoyote utakayouziwa.

Majirani na dada yako, kila mmoja ameshika ukweli kwa upande wake. Majirani hawasemi uongo: metali hizi haziangushi mtu kwa siku moja, na wengi wamezeeka pale. Lakini aliyezaliwa pale na akapata ugonjwa wa figo akiwa na miaka 50 hakuandikiwa popote kwamba chanzo kilikuwa maji ya utotoni, na aliyehama haonekani barazani leo. Ninawaheshimu sana watu wa bonde hilo. Wengi ni wajukuu wa watu waliotoka Kigezi, Toro, Buganda, Kenya, Rwanda na Kongo kuja kufanya kazi pamoja na Wakonzo wenyeji, na mgodi uliwapa nyumba, umeme, shule na hospitali. Shaba yao ilikuwa miongoni mwa mazao makuu yaliyoiletea Uganda fedha za kigeni miaka ya 1960, nyuma ya kahawa na pamba. Mshahara ulipokoma hawakuwa na sababu ya kuchukia mahali palipowalea, na ni vigumu kumwambia mtu kwamba mkono uliomlisha uliacha kitu kibaya uani kwake. Zungumza nao kwa heshima hiyo, na anza na maji, maana maji hayamlaumu mtu.

Nakuja kwenye kiwanja, na hapa sitaki mume wako aone ninasitasita. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukabomoa nyumba na madaraja, ukarudi Mei 2014, na Mei 2020 ukaiharibu hospitali yenyewe ya Kilembe kiasi kwamba huduma zililazimika kuhamishwa. Si maji tu yanayoshuka. Yanashuka mawe makubwa kuliko gari dogo, kwa sababu mto unatoka juu sana na bonde limesimama wima, na kila furiko linaweka mawe mapya kitandani mwa mto, hivyo maji yajayo yanapata nafasi ndogo na kupanda juu zaidi. Mto huohuo unakula nyayo za vilima vya mchanga na kuvibeba kwenda kwa watu wa chini, hadi kwenye vinamasi vya Ziwa George ambako wavuvi wa Hamukungu na Kahendero wanatafuta riziki. Sheria zetu za mazingira zinakataza kujenga ndani ya mita 30 za ukingo wa mto, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, lakini kwa Nyamwamba msipime kwa utepe. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji (LC1) awaonyeshe maji ya 2013 na ya 2020 yalifika wapi, mkaone mawe yenyewe, kisha mpande juu ya hapo. Mkipata kiwanja salama, mkatae pia mchanga wa kilima kwa ujenzi hata ukiwa wa bure. Salfa iliyomo hula saruji na kutia kutu nondo, na ukuta huanza kutoa madoa na nyufa baada ya miaka michache.

Habari za kufunguliwa kwa mgodi msizitungie bajeti. Mwaka 2013 Serikali iliukabidhi kwa kampuni kutoka China kwa matumaini makubwa, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Bado kuna shaba mlimani, hilo ni kweli, na bei ya shaba na kobalti duniani inaweza kumleta mwekezaji. Akija, kazi yake ya kwanza iwe kuzuia vilima vya zamani visiingie mtoni, na ninyi wakazi mna haki ya kulidai hilo, kwa kuwa Katiba ya 1995, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini mwekezaji akija au asipokuja, ukingo wa mto utabaki ukingo wa mto.

Baba mkwe asingojee. Aliyetoboa mwamba kwa mashine chini ya ardhi alivuta vumbi la silika, ambalo linaacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo yanaweza kuendelea kukua miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mapafu ya namna hiyo pia hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko ya watu wengine. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, aombwe makohozi kwa kipimo cha kifua kikuu, na apigwe picha ya kifua. Amwambie mganga kwa kinywa chake mwenyewe: "Nilichimba Kilembe, chini ya ardhi, miaka kadhaa." Sentensi hiyo isiposemwa, wengi hupewa dawa za kikohozi cha kawaida na kurudishwa nyumbani, kwa sababu mganga kijana anayemwona mzee wa miaka 70 hawezi kukisia. Makovu ya silika hayana tiba ya kuyafuta, lakini kifua kikuu kinatibika, na kikigunduliwa mapema watoto wako wawili wanaolala nyumba moja naye watakingwa pia. Asikae tena karibu na moshi wa kuni, na kama anavuta tumbaku aiache.

Mwisho, pimeni maji yenu badala ya kubishana. Shule yako inaweza kuandika barua kwa ofisi ya maji ya wilaya na kuomba sampuli ipelekwe maabara ya taifa ya ubora wa maji iliyoko Entebbe. Andikeni wazi kwamba mnataka kipimo cha metali, yaani shaba, kobalti, nikeli, manganizi na risasi, kwa sababu mkiomba kupimiwa maji tu, mnaweza kuletewa majibu ya vijidudu na tope pekee, na karatasi itakayosema "salama" itakuwa haijagusa swali lenu. Pimeni bomba la shule na mto, kila kimoja mara mbili: mara moja katikati ya kiangazi, na mara ya pili asubuhi ile mvua ya kwanza inapoanguka, kabla mto haujapata muda wa kujionyesha msafi. Chupa ziombwe maabara mapema ziwe tayari ofisini kwa mwalimu mkuu, maana mvua hiyo haitoi taarifa.